Mandhari ya Majini: Usanifu wa Bustani ndani ya Hodhi la Vioo na Suala la Kutaja Mimea, kwa Mifano ya Busia na Malaba

Ikisiri

Makala haya yanajadili sanaa ya kusanifu na kupanda bustani ya majini ndani ya hodhi la vioo nyumbani. Mjadala umejikita katika mazingira ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wetu na Uganda. Kwanza, makala yanaeleza hatua za kazi yenyewe: hodhi, udongo, mawe, mimea, mwanga na subira. Pili, yanaangalia istilahi ambazo Kiswahili kinazo na zile ambazo bado hakina. Tatu, yanadai kwamba mmea uleule huwa pambo au gugu kutegemea mpaka unaowekewa, na kwamba jina jema la mmea wa majini ni lile linalomfahamisha msikiaji tabia ya mmea huo kabla hajautupa mtoni.

1.0 Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida hili akauliza: samaki wa chumbani wana uhusiano gani na taaluma ya Kiswahili? Swali hilo ni la haki, na mwandishi wa makala haya alijiuliza vivyo hivyo. Jibu lilikuja pale alipotaka kumweleza fundi wa vioo mjini Busia kazi anayotaka kufanyiwa. Fundi alisikiliza kwa makini, akapima hewani kwa mikono yake, kisha akauliza: "Mwalimu, hilo sanduku ni la kuweka maandazi ama ni la nini?" Kiswahili cha mwandishi, pamoja na shahada yake ya kwanza, kilikuwa kimeshindwa kuchora picha kichwani mwa fundi.

Tukio hilo dogo lilidhihirisha jambo kubwa. Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuchunguza istilahi za siasa, sheria, tiba na kompyuta. Ni nadra sana tuchunguze istilahi za burudani za nyumbani, ilhali ndizo zinazomfikia mtoto mapema. Mtoto wa Busia anayetazama samaki ndani ya kioo atataka kujua jina la kila akionacho. Tusipompa jina la Kiswahili, atapewa jina la lugha nyingine, au atasema tu "majani".

Busia na Malaba ni miji ya mpaka. Malori hupanga foleni, shehena hukaguliwa, na hati hugongwa mihuri. Hata hivyo, maji hayagongwi muhuri. Mto Sio, ambao katika sehemu yake ya chini ndio mpaka wenyewe, huishia Ziwa Victoria. Mto Malaba nao huingia Uganda na kuelekea kwenye mfumo wa Ziwa Kyoga. Maji ya mito yote miwili hatimaye hukutana katika Nile. Msomaji aikumbuke jiografia hii, kwani tutairudia katika sehemu ya 6.0.

2.0 Istilahi za msingi: hodhi, bustani au mandhari?

Chombo chenyewe kina majina matatu yanayoshindana. La kwanza ni akwariamu, lililopatikana kwa utohozi. Faida yake ni kwamba linatambulika kimataifa. Hasara yake ni kwamba halimwambii fundi wa Busia chochote. La pili ni tangi la samaki, ambalo ndilo litumiwalo na wauzaji wengi. Jina hili linaeleweka, ila katika nchi yetu "tangi" humfanya mtu awaze pipa la plastiki la kukingia maji ya mvua. La tatu ni hodhi, neno la siku nyingi katika Kiswahili kwa chombo au mahali pa kuhifadhia maji. Makala haya yanatumia hodhi la vioo, kwa sababu fundi alipolisikia pamoja na neno "samaki" hakuuliza tena habari ya maandazi.

Suala gumu zaidi ni jina la sanaa ya kupanga mawe, mchanga na mimea ndani ya hodhi. Bustani ya majini ni pendekezo la kwanza linalokuja akilini. Lakini katika matumizi ya kila siku huku kwetu, bustani ni mistari ya sukuma wiki na nyanya: kilicho muhimu ni mavuno. Katika sanaa hii mavuno hayapo. Kinachotafutwa ni picha: mlima mdogo, bonde, kichaka, uwazi. Kwa bahati njema, wanafasihi tayari tunalo neno la jambo hilo, nalo ni mandhari. Kwa hiyo, makala haya yanapendekeza mandhari ya majini kwa usanifu wenyewe, na bustani ya majini kwa mimea iliyokwisha kupandwa na inayotunzwa. La kwanza huchorwa, la pili hupaliliwa.

3.0 Misingi ya usanifu

3.1 Hodhi na mahali pake

Kwa anayeanza, hodhi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 35 linatosha. Ukizidisha vipimo hivyo utapata ujazo wa lita 63. Maji ya lita 1 yana uzito wa kilo 1; ukiongeza vioo, mchanga na mawe, mzigo huvuka kilo 80 kwa urahisi. Hivyo basi, meza ya kuwekea televisheni haifai. Afadhali jukwaa la mbao nene au la matofali, lililosawazishwa kwa pima maji ya fundi, na juu yake pawekwe kipande cha sponji kinachofyonza mikwaruzo midogo.

Vioo huunganishwa kwa gundi ya silikoni. Mwambie fundi atumie ile isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, kwa maana dawa hiyo huua samaki. Gundi iachwe ikauke kwa siku kadhaa, kisha hodhi lijazwe maji nje ya nyumba na kuachwa usiku na mchana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ukuta huo hujengwa juu ya zulia lililolowa.

Hodhi lisiwekwe dirishani. Jua la Busia ni kali, na mwanga wake wa moja kwa moja hufanya maji kugeuka kijani kwa mwani katika muda wa siku chache. Aidha, hali ya hewa yetu ya joto ina neema yake: mara nyingi hapahitajiki kifaa cha kupashia maji joto, ambacho wenzetu wa nchi za baridi hawawezi kukikosa.

3.2 Udongo na mchanga

Mimea yenye mizizi huhitaji chakula chini na nanga juu. Chakula ni tabaka la udongo wa kawaida wa shambani, usiotiwa samadi wala mbolea ya dukani, uliochekechwa na kutandazwa kwa unene wa sentimita 2 au 3. Nanga ni mchanga wa chengachenga za milimita 1 hadi 3, unaofunika udongo huo kwa sentimita 3 hadi 4. Mchanga wa mtoni unaouzwa kwa ujenzi unafaa, ila sharti uoshwe mpaka maji yatoke safi. Mwandishi aliosha ndoo mbili mara 14 kabla hajaridhika.

Mchanga usitandazwe sawa kama sakafu. Mbele uwe chini, nyuma upande hadi karibu sentimita 8 au zaidi. Mteremko huo huyadanganya macho: hodhi la upana wa sentimita 30 huonekana kama bonde refu.

3.3 Mawe na kitovu cha macho

Kabla ya kuchagua jiwe, mtu na aende akatazame mawe yalivyokaa yenyewe. Kwa mkazi wa Malaba safari hiyo si ndefu. Katika vilima vya Chelelemuk, huko Teso Kaskazini, ipo Kakapel, turathi ya taifa inayojulikana kwa michoro ya kale ya miambani. Majabali yake hayakupangwa na mtu, lakini yana mpango. Kubwa huegemewa na dogo, nyufa huelekea upande mmoja, nyasi huota pale ambapo jiwe hulinda udongo. Mwandishi aliketi hapo saa nzima akichora kwa penseli. Ni wajibu kusema waziwazi kwamba hakuna jiwe linaloruhusiwa kuondolewa mahali pa namna hiyo. Tunachochukua ni funzo tu, na mawe yenyewe tunayanunua kwa wachimbaji au kuyaokota shambani mwetu.

Kila jiwe lijaribiwe kwa siki. Likitoa povu, lina chokaa itakayofanya maji yawe magumu, basi liachwe. Mawe yawe ya aina moja, na idadi yake iwe witiri: 3, 5 au 7. Moja liwe kubwa kuliko yote. Hilo ndilo kitovu cha macho, na lisiwekwe katikati. Gawa urefu wa sentimita 60 kwa uwiano wa 1 kwa 1.618, utapata sentimita 37 upande mmoja na 23 upande wa pili. Jiwe kuu lisimame hapo.

Mwanafunzi wa ushairi atashangaa kidogo. Katika tarbia ya kimapokeo tunafundishwa kwamba mshororo wa mizani 16 hukatwa katikati, 8 katika ukwapi na 8 katika utao, na sikio huridhika. Jicho halina tabia hiyo. Likipewa vipande viwili vilivyo sawa, hutulia mara moja na kuacha kutembea. Likipewa kipande kikubwa na kidogo, huendelea kwenda na kurudi. Urari wa macho, kwa hiyo, si usawa wa vipimo.

Katika historia ya sanaa hii kuna mikondo miwili inayofaa kujulikana. Mkondo wa Kiholanzi hupanda mimea kwa safu na vidato, rangi ikipishana na rangi, na mawe hayapewi nafasi kubwa. Mkondo wa Kijapani, uliopewa umaarufu na mpiga picha Takashi Amano (1954–2015), huiga sura ya maumbile yenyewe. Kazi yake ya mwisho kubwa, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika jumba la viumbe wa majini la Lisbon, ina urefu wa mita 40 na maji lita 160,000. Hodhi letu la lita 63 ni kijiko mbele ya pipa hilo, lakini kanuni ni zilezile.

4.0 Upandaji

Mimea hupandwa hodhi likiwa na maji machache tu, yanayofunika mchanga kwa kiasi cha vidole viwili. Hapo majani hayaelei, na mkono hauvurugi udongo. Kila mche ushikwe kwa kibanio kirefu karibu na mizizi, uingizwe mchangani kwa mshazari, kisha kibanio kifunguliwe na kutolewa polepole. Ukiingizwa wima, huchomoka.

Nyuma hupandwa mimea mirefu. Katika maji ya Ziwa Victoria na vinamasi vyake umo mmea wenye majani membamba na marefu kama utepe, uitwao kitaalamu Vallisneria. Huzaa kwa vikonyo vinavyotambaa mchangani, na kwa miezi michache hufanya pazia la kijani. Katikati hukaa mimea ya kimo cha wastani. Yungiyungi dogo hupendeza hapo, mradi majani yanayokimbilia juu yakatwe ili yasizuie mwanga. Pembeni mwa mawe hufungwa vishada vya Ceratophyllum demersum, mmea usio na mizizi wenye majani mithili ya sindano laini. Mbele pabaki mchanga mtupu. Anayeanza huogopa uwazi huo na kutaka kuujaza, lakini ndio unaoyapa macho njia ya kuingilia.

Mimea ipandwe mingi tangu siku ya kwanza. Hodhi lenye miche mitatu hukaribisha mwani, kwa kuwa chakula kipo na mlaji hayupo. Baada ya kupanda, maji humiminwa taratibu juu ya sahani iliyolazwa mchangani. Maji ya mfereji yaachwe wazi saa 24 kwanza ili klorini itoke.

Mwanga wa taa ya LED kwa saa 6 hadi 8 kila siku unatosha. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, jambo ambalo mkazi wa Busia analifahamu, mimea haifi. Ndiyo maana mwandishi hapendekezi mitungi ya hewa ya ukaa wala mitambo ya bei ghali. Mimea iliyotajwa hapo juu huendesha usanisinuru wake kwa hewa ndogo iliyomo majini na ile itokayo kwenye udongo.

5.0 Subira: maisha yasiyoonekana

Hapa ndipo mwandishi alipokosea, na kosa lake lifundishe wengine. Mara ya kwanza alijaza hodhi Ijumaa na kununua samaki Jumamosi. Muuzaji aliulizwa kama maji ya siku moja yanafaa, akasema hakuna shida. Kufikia Jumatano, samaki 6 kati ya 8 walikuwa wamekufa, ingawa maji yalikuwa meupe na safi kwa macho.

Sababu ni hii. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika hodhi lililokomaa wamo bakteria wa aina moja wanaoigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wa aina nyingine wanaoigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa na ni chakula cha mimea. Bakteria hao hawauzwi na fundi wa vioo. Huzaliana wenyewe juu ya mchanga, mawe na sponji ya kichujio, na huchukua wiki 4 hadi 6 kufikia idadi inayotosha. Katika muda huo mtu huweka punje chache za chakula cha samaki majini ili wapate kitu cha kula, huendelea kuwasha taa, na hungoja.

Baada ya wiki hizo, samaki wadogo 6 hadi 8 aina ya gapi wanatosha kwa hodhi hili, wakianza wachache kisha wengine. Kila wiki robo ya maji hubadilishwa. Sponji ioshwe katika maji yaliyotolewa hodhini, si chini ya mfereji, maana klorini huwaua wale bakteria tuliowangojea.

6.0 Pambo na gugu

Bustani ya majini ikistawi, hupogolewa. Mwezi wa tatu mwandishi alikata vishada hadi ndoo ikajaa, akaibeba kuelekea mtaro ulio nyuma ya nyumba. Mjomba wake, mvuvi wa siku nyingi wa Sio Port, alikuwa amemtembelea siku hiyo na alikuwa ameketi kivulini.

"Mpwa wangu, ndoo hiyo unaipeleka wapi?"

"Mtaroni, mjomba. Ni majani tu."

"Mtaro huo unakwenda wapi?"

Mwandishi hakujibu. Mtaro huo, mvua ikinyesha, huteremsha maji yake kuelekea Mto Sio. Mjomba aliinuka, akaishika ndoo, akasema: "Hata lile la ziwani lilikuwa maua ya mtu."

Kauli hiyo ni ya kweli kihistoria. Gugumaji lina asili yake katika bonde la Amazon, Amerika ya Kusini. Lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake ya zambarau, likipandwa katika vidimbwi vya mapambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 liliripotiwa katika Ziwa Kyoga na Ziwa Victoria. Kwa upande wa Victoria, Mto Kagera ulikuwa mojawapo ya njia zake kuu. Katika hali nzuri huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi, na mbegu zake hudumu topeni miaka mingi. Miaka ya 1990 lilifunika ghuba na fuo za nchi zote tatu zinazomiliki ziwa. Mitumbwi ilikwama, nyavu zilinaswa, bandari zilifungwa. Ilibidi fukusi wa jenasi ya Neochetina, ambao hula mmea huo, waachiliwe ziwani kuanzia miaka hiyo. Hata hivyo gugumaji limekuwa likipungua na kurudi hadi leo. Ziwa Naivasha nalo lilivamiwa na Salvinia molesta, mmea uelea wenye asili ya Brazili, katika miaka ya 1960.

Tukirudi kwenye jiografia ya utangulizi: anayetupa taka za hodhi Malaba anaitumia Kyoga zawadi, na anayezitupa Busia anaitumia Victoria. Ingawa Ceratophyllum ni mwenyeji wa maji yetu, mkasi haubagui. Ndoo moja huchanganya mmea wa ziwani na ule ulionunuliwa dukani usiojulikana ulikotoka, pamoja na konokono na mayai yao. Gapi mwenyewe ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Historia ya sangara, au mbuta kama aitwavyo huku, inatosha kutuonya. Aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na kuenea kwake kulichangia sana kutoweka kwa aina nyingi za furu ambazo hazikuwahi kupatikana mahali pengine popote duniani.

Kanuni, basi, ni fupi. Vipogoleo vianikwe juani mpaka vikauke kabisa, kisha vifukiwe kwenye mbolea ya shambani mbali na maji. Maji machafu ya hodhi yamwagwe kwenye mgomba au maua, ambako ni mbolea nzuri, wala si mtaroni. Samaki asiyetakiwa arudishwe dukani au apewe mwenye hodhi. Asiachiliwe mtoni kwa jina la huruma.

7.0 Kutaja mimea

Baada ya tukio la ndoo, mwandishi alimsomea mjomba orodha ya majina aliyokuwa ameyabuni kwa mimea yake. Vallisneria aliiita utepemaji, kwa kuambatanisha nomino mbili kama ilivyo katika gugumaji. Mjomba alikubali, alisema hata mtoto akiuona ataujua. Ceratophyllum aliiita mkiamaji, kwa kuwa kishada chake hufanana na mkia wa mnyama mwenye manyoya. Hapo mzee alitikisa kichwa.

"Mkia ukikatwa hufa, mpwa wangu. Huu ukiukata unazaa. Kata vipande kumi, umepata mimea kumi."

Mwandishi anakiri kwamba katika kozi zote za istilahi alizosoma hakupata uhakiki uliomgusa kama huo. Jina lake lilieleza sura na kuficha tabia. Tena lilidanganya, kwani lilimpa msikiaji picha ya kitu kisicho na hatari kikishatengwa na mwili.

Kiswahili hakikosi mfano bora. Ule mmea unaonywea ukiguswa tunauita kifaurongo: unakufa kwa uongo. Jina hilo halikutoka kwenye kamati. Aliyelibuni aliutazama mmea, akaona unavyofanya, akatia kitenzi ndani ya jina. Mtu ambaye hajawahi kuuona mmea huo, akilisikia jina tu, anajua la kutarajia. Kwa kufuata mfano huo, mwandishi anapendekeza kizaakipande kwa mmea unaozaa kutokana na kipande kilichokatika. Jina hili linaweza kumhusu Ceratophyllum na mingine ya tabia hiyo, kisha wataalamu wakatofautisha aina kwa vivumishi.

Tukilipima kwa kipimo hichohicho, hata neno gugumaji lina upungufu. Linatuambia mmea unapoota na jinsi tunavyouchukia. Halituambii kwamba uliletwa, wala kwamba uliletwa kwa sababu ulipendwa. Mtoto anayelisikia hudhani kuwa gugu ni aina ya mmea, kama mwembe au mgomba. Kumbe gugu ni uhusiano: ni mmea wowote uliovuka mpaka wake. Mahindi yaliyoota katikati ya bustani ya maua ni gugu, na ua la zambarau ndani ya kidimbwi kilichozibwa ni pambo. Mwandishi hapendekezi neno gugumaji libadilishwe, maana limeshakaa vinywani mwa watu. Anapendekeza tusiurudie upungufu wake tunapoitaja mimea mipya ambayo kila mwaka huingia madukani mwetu ndani ya mifuko ya plastiki.

Kutokana na mjadala huu, yanaweza kutolewa mapendekezo matatu. Kwanza, istilahi za mimea na wanyama wa majini zikusanywe kutoka kwa wavuvi, wauza samaki na watoto wa kandokando ya mito kabla hazijabuniwa mezani. Busia pekee ina wazungumzaji wa Kiluhya, Kiteso na Kijaluo wanaokutana katika Kiswahili kila siku ya soko. Pili, jina lipimwe kwa kumuuliza mtu anayekijua kitu chenyewe, kama tunavyopima jiwe kwa siki. Tatu, pale ambapo kitu kina madhara, jina au angalau fasili ya kamusi itaje tabia inayoleta madhara hayo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mandhari ya majini yanaweza kusanifiwa Busia au Malaba kwa vifaa vya kawaida: vioo vya fundi, mchanga wa ujenzi, udongo wa shambani, taa moja na subira ya wiki 6. Yameonyesha pia kwamba kazi hiyo haikamiliki kwenye kioo. Huendelea hadi kwenye ndoo ya vipogoleo, na kutoka kwenye ndoo hadi kwenye neno tunalolitumia kukitaja kilichomo.

Hodhi la mwandishi lingali sebuleni. Utepemaji umefika juu na sasa unainama, gapi wamezaana, na jiwe kuu limeanza kuota ukijani upande ule wa sentimita 23. Nyuma ya nyumba, mahali ambapo ndoo ingemwagwa, kuna mgomba unaomwagiwa maji ya hodhi kila Jumamosi. Wanafunzi wenzangu wenye majina bora kuliko kizaakipande wanaombwa wayalete. Lakini kwanza waende wakauone mmea wenyewe, na ikiwezekana wafuatane na mvuvi.